Pasi Tatu za Ijumaa

Ramadhani mwezi mosi, Jumapili

Nimefunga, nna kiu, na tayari nshagombana na mtu mmoja. Mwezi umeanza.

Nianze na darasa. Mwalimu Jatin katufungia masomo ya umeme mpaka baada ya Idi, lakini hakutuacha hivi hivi. Kila mwanafunzi apime vyombo vyote vya umeme katika nyumba anayokaa, aandike volti na ampea, kisha atafute wati na omu kwa hesabu yake mwenyewe. "Na mambo mengine utakayoyaona, Bi Kazija, andika vilevile," kaniambia, maana anaujua mdomo wangu. Basi nnaandika. Darasa zima mwanamke ni mie tu, na vijana wananiita Mama Ampea. Naitika.

Hesabu yenyewe si ngumu. Volti ni msukumo wa umeme, ampea ni wingi wa umeme unaopita. Ukizidisha moja kwa jengine unapata wati, yaani nguvu kinayoitumia chombo. Ukigawa volti kwa ampea unapata omu, yaani ukinzani, jinsi chombo kinavyouzuia umeme usipite ovyo. Nilipomweleza mume wangu Mabrouk, alisema, "Kumbe ni kuzidisha na kugawa tu?" Nikamwambia hata biashara ni kuzidisha na kugawa tu, mbona watu wanafilisika.

Sasa ugomvi. Nyumba yetu hii ya Mji Mkongwe tunakaa watu wa aina tatu. Chini mimi na Mabrouk, Watumbatu wawili na friza yetu. Kati yuko Masoud na mkewe Nadra, hawajamaliza mwaka wa ndoa. Juu kabisa yuko Bi Roshan, mjane wa Bwana Rehmtulla. Umeme ni mmoja kwa wote, na chini ya ngazi kuna breka moja ya ampea kumi na sita. Breka ni ile swichi inayojiangusha yenyewe umeme ukizidi. Na yetu, jamani, inajua kuanguka.

Leo baada ya Adhuhuri kaja Abdulwahid, msimamizi wa nyumba. Hata salamu hakuimaliza.

"Bi Kazija, friza yako inanguruma usiku na mchana. Ndiyo inayoangusha umeme."

"Nani kasema?"

"Nyumba nzima. Idi kubwa iliyopita watu wamekwenda kusali na kanzu zina makunyanzi kwa sababu ya barafu zako. Usiku wa kuamkia Idi hii nnakuja mwenyewe, nasimama chini ya breka. Ikianguka, asubuhi friza nje."

Friza yangu! Humo ndimo zinamotoka barafu za ukwaju, za ubuyu na za malai ya maziwa ambazo watu wanazifuata kutoka Ng'ambo huko kabla ya Magharibi. Ikitoka humu sina pa kuiweka, na mimi narudi kumwomba Mabrouk kila kitu mpaka sindano. Nilimwambia Abdulwahid nna mita sasa, na mita haina mjomba wala shangazi. Akacheka akaenda zake.

Mwezi tatu, Jumanne

Nimeshinda! Mita hii aliyoniazima Mwalimu Jatin ina mdomo kama gando la kaa. Unaubana waya, namba zinatoka. Nimebana waya wa friza: sifuri. Nikabana tena: sifuri. Friza yangu haili umeme hata chembe! Nilitoka nje nikampigia simu Abdulwahid kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini. Masoud alikuwa anapita ngazini, nikamwonesha na yeye. Nadra akapiga vigelegele.

Mwezi nne, Jumatano

Birika la chai sifuri. Feni sifuri. Pasi imewaka moto inataka kuniunguza, sifuri.

Hapo nikaona haya peke yangu jikoni.

Mwalimu Jatin alicheka kwenye simu mpaka nikamsikia anatafuta kiti. Kumbe unabana waya mmoja tu, si mkanda mzima. Ndani ya mkanda mna waya wa kwendea na waya wa kurudia. Ukizibana zote pamoja, umeme unaokwenda na unaorudi unafutana, mita inaona hakuna kitu. Kesho atanipa kipande cha waya wa kuongezea alichokichuna ganda la nje, nyaya zake ziko mbalimbali. Kuuliza si ujinga, lakini kutangaza kabla ya kuuliza ni ujinga mtupu, na mimi nshatangaza mpaka msikitini.

Mwezi tano, Alkhamisi

Joto. Barafu zimekwisha kabla ya Alasiri. Abdulwahid kaniandikia ujumbe: "Vipi, bado sifuri?" Sikumjibu, nimefunga.

Mwezi sita, Ijumaa

Breka imeanguka saa sita kasorobo. Ikainuliwa, ikaanguka. Mara tatu. Masoud katoka na kanzu nusu imenyooka nusu imekunjamana, ananitazama kama mimi ndiye shetani aliyesahauliwa kufungwa mwezi huu.

Mwezi saba, Jumamosi

Leo nimepima kwa adabu, waya mmoja mmoja.

Volti za nyumba: 228.

Friza: ampea 0.8. Zidisha: wati 182.

Pasi yangu: ampea 9.5. Zidisha: wati 2,166. Gawa: omu 24.

Nilirudia hesabu mara mbili nikidhani saumu imenipanda kichwani. Ndani ya pasi moja zimo friza karibu kumi na mbili! Namtazama Mabrouk anavyokula kachori za futari, namwambia, "Kila unapovaa kanzu iliyonyooka, unavaa friza kumi na mbili." Akasema kwa hali hiyo joto hili halieleweki.

Nimepanda kwa Masoud. Pasi yake ni nduguye pasi yangu, tumenunua duka moja Darajani: 9.5 vilevile. Bado ya Bi Roshan. Kwa Bi Roshan sikupanda.

Hapa lazima nieleze, maana Mwalimu Jatin akisoma ataniuliza. Miaka yote nyumba hii ilikuwa na pasi moja tu, ya marehemu Bwana Rehmtulla, nzito kama jiwe la kusagia, mpini wa mbao. Bi Roshan ana kikapu chenye kamba ndefu, anakishusha kwenye dirisha la uwani kununulia mboga bila ya kushuka ngazi. Kila Ijumaa asubuhi alikuwa anampigia kanzu mwanawe Qasim, anayekaa Kiembe Samaki na kumpitia kabla ya sala. Akimaliza, pasi inashuka kikapuni mpaka kwa Masoud, halafu inashuka kwangu, bado ina moto, inanukia udi wa nguo za juu. Nikimaliza navuta kamba, inapanda.

Idi ndogo ya mwaka jana pasi ilionekana ina nailoni imegandia usoni, na kanzu mpya ya Qasim ina doa jeusi kifuani. Nani kafanya? Mie si mie, Masoud si yeye. Bi Roshan akasema "walioitumia huko chini." Mimi nikasema langu, na mimi nikisema langu linasikika. Kikapu kikapandishwa. Tangu hapo kila nyumba na pasi yake, na Bi Roshan na mimi ni shikamoo na marahaba ngazini, basi.

Nadhani lile pasi lake zito ndilo linalotumaliza. Uzito ule, haliwezi kula chini ya ampea ishirini.

Mwezi kumi, Jumanne

Nimekwenda Mwanakwerekwe kununua ukwaju. Ukwaju mzuri, mbegu chache.

Mwezi kumi na tatu, Ijumaa

Leo nimejua. Tangu saa tano nimekaa chini ya ngazi, mita nimeibana kwenye waya mkuu unaotoka kwenye breka. Mita inasema 1.5. Hiyo ni friza, feni na taa, kimya kimya. Saa tano na nusu ikaruka 11. Ni Masoud, nilimsikia anamuuliza Nadra iko wapi kanzu ya kahawia. Mara 20.5. Ni juu. Halafu Mabrouk, sina habari naye, kachomeka pasi yetu. Mita ikasema 30. Nikahesabu pumzi chache, tap! Breka chini. Kwenye ngazi zikasikika sauti tatu pamoja: "Frizaaa!"

Friza! Pasi tatu zinawaka kwa wakati mmoja, katika nyumba moja, kwa sababu ya sala moja, na anayelaumiwa ni friza! Mchana wote nilikuwa na hasira, lakini hasira tamu, ya mtu aliyeipata haki yake.

Masoud nilimweleza baada ya futari. Alisikiliza vizuri, anakula kaimati zangu.

"Basi Bi Kazija, tatizo ni breka ndogo."

"Tatizo ni pasi tatu kwa pamoja. Tupige kwa zamu."

"Zamu? Ijumaa? Mimi nakwenda kusali saa ngapi?" Akajipangusa vidole. "Acha, nitaifanyia dawa."

Nilidhani anasema tu.

Mwezi kumi na tano, Jumapili

Mvua ya kwanza. Uwani kumejaa maji na mbu wamefurahi.

Mwezi kumi na tisa, Alkhamisi

Mvua. Wateja wachache. Nimekula barafu mbili za malai mwenyewe baada ya tarawehe, za kupima ubora.

Mwezi ishirini, Ijumaa

Leo lazima niandike yote.

Saa tano na nusu pasi zote tatu zikawashwa. Nikangoja breka ianguke. Haikuanguka. Masoud akachungulia ngazini, kanzu imenyooka tiii. "Si nilikwambia nitaitia dawa?" Na kweli nilifurahi, nasema uongo wa nini. Nilisema alhamdulillahi, friza yangu imepona.

Mvua ilikuwa inapiga. Nikaingia ndani kuchota ukwaju, na pale nyuma ya friza, juu ukutani unapopita mkanda mkuu wa umeme wa nyumba nzima, nikasikia harufu. Si udi wala chakula. Ni harufu ya mpira unaoiva. Nikaweka kiganja ukutani. Moto! Ukuta wa mawe na chokaa, nje mvua inanyesha, na ukuta una moto.

Nilipiga ukelele. "Zimeni pasi! Zimeni kila kitu!" Mabrouk kazima yetu. Masoud akauliza kwa nini, nikamjibu maneno ambayo hayafai kuandikwa mwezi huu. Juu hakukuwa na jibu. Pasi ya Bi Roshan inawaka, na yeye masikio yake siku hizi yanasikia anayotaka. Nilitaka kuzima breka yenyewe. Nikaiangusha kwa mkono, tap, na taa za ngazini zikabaki zinawaka.

Hapo ndipo nilipoiona dawa ya Masoud. Kachukua kipande cha waya mnene, kaunga upande huu wa breka na upande wa pili, umeme unapita pembeni kama mtu anayeruka ukuta. Breka ipo, imekaa pale kama pambo. Nilizima swichi kubwa ya kwenye mita ya umeme ya nyumba kwa fimbo kavu ya ufagio, nimesimama juu ya kigoda, na nyumba yote ikawa kimya. Moshi mwembamba ukatoka kwenye kiungo cha waya nyuma ya friza, ukanyooka, ukakoma.

Masoud kashuka mbio. Akaiona alama ya moshi ukutani. Nadra alikuwa nyuma yake, kashika tumbo, na hapo ndipo nilipojua kwamba ana mimba.

"Mdharau mwiba mguu huota tende," nilimwambia.

Alikaa ngazini na kanzu yake iliyonyooka, akajishika kichwa.

Mwezi ishirini na moja, Jumamosi

Mwalimu Jatin kaja na mkoba wake asubuhi, kakataza mtu yeyote asiseme, na kawasha umeme kwa muda mfupi tu ili apime. Akanipa mita mimi.

"Pima volti hapa kwenye breka, Bi Kazija, pasi tatu zikiwa zinawaka."

"228."

"Sasa pima baada ya kile kiungo cha nyuma ya friza."

"212."

"Ampea?"

"Thelathini."

"Haraka, zimeni. Haya. Volti kumi na sita zimekwenda wapi?"

Nikafikiri. Zimepotea ndani ya kiungo kibovu. Kumi na sita mara thelathini: wati mia nne na themanini. Kumi na sita gawa kwa thelathini: kama nusu omu. Nusu omu tu, kidogo hata huwezi kumtisha nacho mtu! Na ndani ya ukuta wangu ilikuwa inawaka wati mia nne na themanini, kama jiko dogo alilolisahau mtu, na juu yake ghorofa mbili, mwanamke mwenye mimba na kizee.

Masoud alisikiliza yote. Kaitoa dawa yake kwa mkono wake mwenyewe. Mwalimu Jatin kafunga kiungo kipya, kairudisha breka kazini, na kasema neno moja tu: "Breka haikuwa adui yenu. Ndiyo iliyokuwa inakutetea hata wewe unayeigombeza." Kisha kasema breka kubwa zaidi haiwezekani, nyaya za ukutani ni nyembamba na za zamani. Nyumba hii ampea zake ni kumi na sita.

Mwezi ishirini na mbili, Jumapili

Nimepanda. Ngazi zile ndefu, na nimefunga.

"Shikamoo Bi Roshan."

"Marahaba." Hakuniambia nikae.

Nilimweleza ukuta, moshi, hesabu. Nikamwomba nipime pasi yake, na moyoni nangojea lile zito la ampea ishirini. Akatoa pasi nyepesi, mpya, ya buluu. Qasim ndiye aliyemletea. 9.5, kama zetu. Niliona aibu. Mwaka mzima namsingizia kizee pasi ambayo hata haitumii.

"Na ile ya marehemu?"

"Haipo," akasema, na macho yake yakaenda kwenye sanduku la Kihindi lililo chini ya dirisha.

Nilimwachia barafu mbili za malai kwenye bakuli, za futari. Chumba kile kimepoa sana. Zamani huwezi kupanda kule bila ya kusikia kamba inapanda inashuka na watu wanaitana.

Mwezi ishirini na nne, Jumanne

Mvua. Nadra anataka barafu ya ukwaju asubuhi, na daktari kamkataza kufunga. Nampa.

Mwezi ishirini na saba, Ijumaa

Nimepanga zamu. Kwanza Masoud, halafu juu, halafu sisi. Pasi moja ni 9.5, na 1.5 ya vitu vingine, jumla kumi na moja, breka inacheka. Masoud siku hizi ni malaika, ananiuliza ruhusa hata ya kuchaji simu. Kawasha, kapiga, katoa taarifa kwa sauti, "Nimemaliza, Bi Kazija!" Nikaita juu, "Zamu yako, Bi Roshan!" Kimya. Nikaita tena. Kimya. Nikadhani hana nguo ya leo, nikamwambia Mabrouk awashe. Dakika mbili, mita ikaruka 20.5. Juu nako kawasha. Nikapiga kelele, huku wala kule hakuna aliyezima, kila mmoja anajua zamu ni yake. Breka ikastahamili dakika kadhaa, kisha tap.

Tatizo la zamu ni hilo: kila mtu ana pasi mkononi. Jumapili au Jumatatu ni mwandamo wa mwezi. Mwezi ukitangazwa, mji mzima unapiga pasi kwa wakati mmoja, na Abdulwahid yuko chini ya breka. Nimekaa karibu na friza, nimeweka mkono juu yake. Nilinunua hii kwa jasho langu la miaka minne, la kukaanga kachori. Nataka kulia na nakataa kulia.

Mwezi ishirini na nane, Jumamosi

"Kazija!"

Sauti kutoka dirisha la uwani. Mwaka mzima sijaisikia ikiniita.

"Naam, Bi Roshan!"

"Panda. Na hicho kidude chako chukua."

Sanduku liko wazi. Juu ya meza, juu ya kitambaa cheupe, imekaa pasi ya Bwana Rehmtulla. Uso wake umesuguliwa unang'ara.

"Kaa," akaniambia. Nikakaa. Akakunja upindo wa mtandio wake.

"Ile nailoni ilikuwa ya kwangu. Kanzu ya Qasim ilikuja ndani ya mfuko wa nailoni kutoka dukani. Nikaiweka pasi juu yake bila ya kuona. Macho haya. Pasi ilikuwa ishapanda kutoka kwenu, na nilipojua ni mimi, maneno yalikuwa yashanitoka. Wewe ukanijibu vile unavyojibu."

"Najua ninavyojibu," nikasema.

"Basi nikaona haya kukishusha tena kikapu. Siku moja, siku mbili, ukawa mwaka. Tangu kianze kukaa juu hakuna mtu anayeniita kutoka chini. Jana umeniita mara mbili, na mimi nimekaa hapa nasikiliza tu namna jina langu linavyopanda ngazi. Ndiyo maana sikujibu."

Kuna watu wanaojua kusema kitu kikubwa hapo. Mimi nilifuta macho kwa kanga, nikasema, "Hebu tuipime."

Ampea 4.4. Wati 1,003. Omu karibu 52.

Pasi nzito kuliko zote, na ndiyo inayokula kidogo kuliko zote! Ile nyepesi ina omu 24, ukinzani wake mdogo, umeme unaingia mbio. Hili lina omu 52, linaushika umeme, linauambia taratibu. Nilikuwa nimeyafikiria yote kichwa chini miguu juu.

Bi Roshan akauliza hesabu ile maana yake nini. Nikamwambia: kwa pasi hii nyumba nzima inatumia ampea 5.9, na breka haitojua hata kama kuna Idi. Akafikiri. Kisha akafungua dirisha, akashusha kikapu.

"Masoud! Tia pasi yako humo. Kazija, na yako ilete. Hazitoki sandukuni mwangu mpaka sala ya Idi imesaliwa."

Mwezi ishirini na tisa, Jumapili, usiku

Mwezi umeonekana! Naandika huku Mabrouk anaimba, na hajui kuimba.

Abdulwahid alifika kabla ya Isha, kanzu imelowa mvua, imekunjamana kama karatasi ya bajia. Kasimama chini ya breka, mikono kifuani. Nikambania mita kwenye waya, nikamkabidhi.

"Soma mwenyewe."

"Moja nukta tano."

Mara redio ikatangaza, mitaa yote ikapiga kelele, na dirishani kwa Bi Roshan kukatokea sauti: "Nimeshaianza!" Mita ikapanda 5.9, ikakaa pale. Abdulwahid akangoja. Kanzu ya Qasim ikaisha. Kikapu kikashuka kwa Masoud, mita ikarudi 1.5, halafu 5.9 tena. Nadra akataka shela lake linyooshwe na Masoud akalipiga yeye, la kwanza la maisha yake. Kikapu kikashuka kwangu. Ilikuwa bado ina moto na inanukia udi. Nilipiga kanzu ya Mabrouk polepole, kola mpaka upindo, na kila nikichungulia, Abdulwahid yuko palepale anaitazama namba isiyobadilika.

"Na friza imo humu?" akauliza mwisho.

"Imo."

"Kiasi gani?"

"Nukta nane."

Akaisoma mita tena. Bi Roshan, ambaye masikio yake usiku huu yanasikia kila kitu, akaita kutoka juu: "Abdulwahid! Utakwenda kusali Idi na kitambaa cha deki? Vua hiyo kanzu, itie kikapuni."

Msimamizi wetu akavua. Akabaki na msuli kiunoni na fulana chini ya ngazi, mita mkononi, anaangalia kanzu yake inapanda ghorofa mbili kwa kamba pamoja na pasi. Nadra alicheka mpaka nikamwekea kiti.

"Bi Kazija," akasema Abdulwahid, "friza ibakie. Na kama kuna barafu ya ukwaju, nitakula, mwezi si umeandama."

Nilimpa mbili. Pesa yake sikuichukua, na ajue hiyo ni leo tu.

Mfunguo mosi, mwezi tano, Ijumaa

Nimempa Mwalimu Jatin kazi yangu. Kauliza mbona kwenye nyumba ya watu wote hao nimeandika pasi moja tu. Nikamwambia nyengine tatu ziko sandukuni kwa Bi Roshan, na ufunguo kasema hauoni. Idi imepita na hajauona bado, na hakuna aliyeuliza mara ya pili.

Leo asubuhi saa tano, mvua imekata, dirisha la uwani likafunguliwa.

"Kazija!"

"Naam, Bi Roshan!"

"Pokea."

Kikapu kikashuka, pasi ndani, waya umezungushwa vizuri. Kanzu ya Mabrouk niliipiga jana, wala sikuwa na nguo nyengine yoyote ya kunyoosha. Nikaivua kanga niliyojitanda, nikaitandika mezani, nikaipiga pasi upande huu na upande wa pili, kisha nikavuta kamba.